SOMO: Akaunti zako zote sehemu moja kwenye Ubuntu (msinifuate tena inbox)

Wakuu salaam. Kila mara kuna mtu ananifuata inbox na swali lilelile, "nimeweka Gmail kwenye Ubuntu mbona kalenda haionekani", sasa naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namrushia linki. Naongelea Ubuntu 24.04 (mfumo endeshi wa kompyuta) yenye GNOME 46 (muonekano wake wa madirisha na menyu), wa KDE, muonekano mwingine, subirini mtu mwingine.

Kazi yake ni hivi: unaingiza akaunti mara moja kwenye setingi, halafu kalenda, kontakti na mafaili vinachota humohumo.

1. Fungua Settings, kisha Online Accounts.

2. Bonyeza Google. Nextcloud (huduma nyingine ya kutunza mafaili mtandaoni) nayo ipo kwa wanaotumia.

3. Hapa tulia. Zamani ulikuwa unaingilia kwenye kidirisha kidogo ndani ya Settings, kuanzia GNOME 46 inafunguka brauza yako ya kawaida, kwa hiyo kama humo umeingia na akaunti ya ofisini ndiyo utakayoletewa kwanza, na ukibonyeza bonyeza bila kusoma mikutano ya bosi inahamia kwenye laptop ya nyumbani. Soma imeili iliyoandikwa pale. Ukurasa wa ruhusa ukiwa na viboksi weka tiki, ukiruka cha kalenda usije kulia hapa. Mwisho brauza inauliza kama irudi kwenye programu ya kompyuta, kubali. USIFUNGE TABU kabla ya hapo, utaanza upya.

4. Washa swichi unazotaka: Calendar, Contacts, Files.

5. Fungua Files (programu ya mafaili), Google Drive yako iko pembeni kushoto.

Angalizo: hiyo Drive siyo kopi. Hakuna kilichoshuka kwenye diski, ukifungua video unaivuta kwa bando lako, na ukifuta faili umelifuta kwenye Drive yenyewe.

MASWALI

kipepeo88: Mkuu mimi Thunderbird haioni akaunti niliyoweka
— Haitaiona. Thunderbird ni programu ya imeili yenye utaratibu wake, haisomi Online Accounts. Programu za imeili zinazosoma ni Evolution na Geary.

dogo_wa_kitaa: kalenda haionekani
— Hatua ya 3 na ya 4. Umesoma?

dogo_wa_kitaa: nimesoma, tiki zote nimeweka, swichi imewaka, ila programu yenyewe ya kalenda siioni
— Hapo sawa, ungesema hivyo tangu mwanzo. 24.04 ukiinstoo kwa chaguo la kawaida haiji nayo. Fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri), andika sudo apt install gnome-calendar.

bibi_data: Samahani kaka, kila nikiwasha laptop inaniomba paswedi ya "keyring" na naogopa kuweka chochote. Ni virusi?
— Siyo virusi dada, na umefanya vizuri kuuliza kwanza. Keyring ndiyo kasha linalotunza funguo za akaunti zako, na hufunguka lenyewe ukiandika paswedi ya kuingilia kwenye kompyuta. Ukiweka iingie yenyewe bila paswedi, kasha linabaki limefungwa, ndiyo maana inakuomba. Zima hiyo ya kuingia yenyewe huko kwenye Users. Ila kama kuna fundi alikubadilishia paswedi kwa amri ya sudo passwd, keyring bado inataka ile ya zamani, jaribu hiyo. Usikubali mtu akufutie keyring, paswedi zilizotunzwa humo zitaondoka nayo.

bibi_data: Ni fundi kweli! Ya zamani imekubali. Na imeili ya duka langu, siyo ya Google, inaingia?
— Inaingia, chagua IMAP and SMTP (njia za kupokea na kutuma imeili). Mara nyingi namba ya port ya kupokea ni 993 na ya kutuma 465 au 587, majina ya seva waulize wanaokuhosti.

mzee_wa_terminal: Ongezea wanaouza laptop, wasiishie kuondoa akaunti kwenye Settings, waingie na kwenye akaunti ya Google upande wa usalama waondoe ruhusa ya GNOME.
— Kweli mzee. Na kuondoa akaunti kwenye Settings hakufuti imeili zako, hilo nalo wanaliuliza sana.

dogo_wa_kitaa: kwa hiyo nikiondoa imeili zinafutika?
— 😐