Besi kali hazipigi hodi: namna ya kuzishika maabara bila kuungua

Mwanafunzi mgeni akiingia kwenye maabara ninayoitunza, chupa ya asidi ya salfuriki huisogelea kwa adabu zote. Dakika tano baadaye utamkuta anachota punje za sodiamu haidroksaidi, ambayo ni besi kali, yaani kemikali iliyo kinyume cha asidi, kama anayechota chumvi mezani. Namwelewa. Jina la asidi linatisha tangu utotoni, la besi halimtishi mtu. Lakini mimi nikiambiwa nichague kipi kinimwagikie mkononi, sitachagua besi.

Asidi kali ikikugusa unaruka papo hapo, maana inauma. Besi kali mara nyingi haiumi mwanzoni. Unachohisi ni utelezi tu vidoleni, na utelezi huo ni mafuta ya ngozi yako yanageuka sabuni. Baada ya mafuta hufuata protini. Asidi nyingi huzigandisha protini za juu, na tabaka hilo lililoganda huizuia asidi isiende mbali. Besi huzilainisha, njia ikafunguka, nayo ikazidi kuzama. Maumivu yanapofika, jeraha limeshakuwa la kina. Kwa hiyo kanuni zangu zote zinaanzia hapa: usingoje kuhisi. Vidole vikiteleza, tayari umechelewa kidogo, kimbilia bomba.

Ninaposema besi kali nina maana ya zile zinazounguza: sodiamu haidroksaidi, potasiamu haidroksaidi, amonia iliyokolea na chokaa hai. Chupa zake zina alama ya kimiminika kinachodondokea mkono na chuma na kuvila. Soma pia ukolezi kila mara, kwa sababu mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali) na wa moli 10 kwa macho yote ni maji matupu. Chupa isiyo na lebo usiinuse wala usiichovye kidole, mpelekee anayesimamia maabara.

Kwenye mavazi, naanza na macho na ndipo ninapokuwa mkali. Besi hupenya jicho kwa haraka sana na inaweza kuliacha kipofu. Vaa miwani ya kinga inayobana pande zote. Miwani ya kusomea haihesabiki. Ukimimina mmumunyo uliokolea, ongeza ngao ya uso juu ya hiyo miwani, usivue moja ili uvae nyingine. Koti liwe la pamba na vifungo vyote vifungwe, viatu vifunike mguu mzima. Sufu na hariri huliwa na besi, hata glovu za ngozi vilevile. Glovu nyembamba za naitraili, aina ya mpira wa kiwandani, zinatosha kwa matone: zikiloa, zivue, nawa, vaa nyingine. Kwa mimumunyo mikali tafuta zile nene, za naitraili au neoprini, zinazopanda juu ya kifundo cha mkono. Na vua pete, kimiminika hupenda kujificha chini yake.

Sasa twende kwenye mizani, mahali panapochafuka kuliko pote. Punje moja ya sodiamu haidroksaidi ikidondoka mezani, hainyamazi. Inanyonya unyevu wa hewani, inang'aa, inalowa, inatanda, na baada ya muda hakuna punje tena, kuna tone angavu tu. Anayefuata anadhani ni maji na anapangusa kwa kiganja au anaegemeza kiwiko. Mimi kila nikimaliza kupima hupitisha karatasi laini iliyoloweshwa maji yenye matone ya fenolftalini. Palipo na besi, karatasi inakuwa ya waridi. Siku ya kwanza ukifanya hivyo kwenye maabara yako utashangaa: waridi itatokea kwenye kitasa cha droo, kwenye kalamu, kwenye kitufe cha mizani. Angalizo moja tu: besi ikiwa imekolea sana, waridi huweza kufifia ikapotea, kwa hiyo ukiona tone na karatasi haibadiliki, ongeza maji kwanza kabla ya kuamini.

Pima kwenye chombo cha plastiki, haraka, na ufunge kopo mara moja. Usitumie karatasi ya aluminiamu wala kijiko cha aluminiamu. Besi na aluminiamu iliyolowa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, pamoja na joto jingi.

Kutengeneza mmumunyo ndiko kunakohitaji subira. Kwa lita 1 ya mmumunyo wa moli 1 kwa lita unahitaji gramu 40 za sodiamu haidroksaidi. Weka maji baridi kama mililita 700 kwenye bika (kopo la maabara la kuchanganyia) ya plastiki ngumu au ya kioo kinachostahimili joto, anza kukoroga, kisha ongeza punje kidogo kidogo huku ukiendelea kukoroga. Punje ziende kwenye maji. Ukimwagia maji juu ya rundo la punje, maji machache yanapata joto lote kwa mara moja, yanachemka na kukurukia usoni. Kosa jingine ambalo watu hawalitaji ni kumwaga punje zote halafu kwenda kutafuta kijiti. Zinatua chini, zinashikana zikawa jiwe, na ukija kulivunja jiwe hilo joto linatoka kwa mpigo.

Moli 1 itapasha bika joto la kuhisika. Moli 10, yaani gramu 400 kwa lita, inaweza kukaribia kuchemka, kwa hiyo bika ikae ndani ya beseni la maji yenye barafu na kazi ifanyike kwenye kabati la kufyonza hewa, kwani ule mvuke hubeba matone yanayokwangua koo. Acha ipoe kabisa ndipo uongeze maji kufikia lita 1. Ukijaza ingali moto, ujazo utakudanganya.

Hifadhi kwenye chupa ya plastiki ya polietilini yenye kifuniko cha kuzungusha. Besi hula kioo polepole, na kizibo cha kioo kitagandamana na shingo ya chupa hadi mtu aamue kukigonga. Bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki, ni hivyohivyo, isuuze siku ileile. Rafu iwe chini ya usawa wa macho, chupa ikae kwenye sinia, mbali na asidi.

Amonia ina tabia yake, kwa kuwa inakushambulia kwa hewa. Chumba kikiwa na joto, shinikizo hujengeka ndani ya chupa. Ipoze kwanza, kisha ifungue taratibu ndani ya kabati la kufyonza hewa, mdomo ukielekea upande usio na mtu. Usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kusafishia, utapata kloramini zenye sumu. Na kumbuka kwamba chumvi yoyote ya amonia ikikutana na besi kali, amonia inatoka hata kama hukuikusudia.

Ikikupata kwenye ngozi: kama ni punje kavu au unga, ipanguse kwanza, kisha maji yanayotiririka. Vua nguo zilizoloa ukiwa umeshasimama chini ya maji, aibu itashughulikiwa baadaye. Angalau dakika 15, na uendelee kama utelezi bado upo. Usipake siki mwilini. Inakupotezea muda, nayo huzalisha joto juu ya kidonda.

Jichoni, fungua kope kwa vidole, maji yapite, zungusha mboni. Dakika 15 ni kiwango cha chini, kwa besi mimi hufika 30, na safari ya hospitali huja baada ya kuosha. Lenzi za macho zitolewe kama zinatoka kwa urahisi, huku maji yakiendelea. Aliyemeza asitapishwe, maana itaunguza koo mara ya pili. Asuuze kinywa na apelekwe hospitali. Mtu mmoja abebe lebo ya chupa au picha yake, daktari atauliza jina na ukolezi.

Iliyomwagika sakafuni ni habari tofauti, hapo asidi dhaifu inaruhusiwa. Nyunyiza unga wa asidi ya sitriki kuanzia pembezoni kwenda katikati, ngoja, pima kwa litmasi (karatasi inayobadilika rangi kuonyesha asidi au besi), kisha fyonza. Asidi kali hapana, utatengeneza mchemko mwingine. Punje kavu zifagie kwa vifaa vya plastiki kabla hujaleta maji. Matambara yaliyotumika yaende kwenye mfuko wa plastiki wenye lebo, na mabaki ya mmumunyo yazimuliwe na kusawazishwa kufuata utaratibu wa maabara yako kabla ya kuonana na sinki.