Duka la chipsi chini ya fleti yako linaomba kuuza hadi saa 9 usiku? Fanya hivi

Mwongozo huu unahusu England na Wales tu. Scotland na Ireland Kaskazini zina sheria zao, usizichanganye.

Nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu, mama mmoja wa Kitanga anayeishi juu kabisa ya duka la kuku na chipsi. Anaamka saa 10 alfajiri kuwahi usafi wa maofisi, na chumba chake cha kulala kiko juu ya mlango wa duka. Siku aliponigongea mlango alikuwa na barua tayari mkononi, kurasa mbili za hasira, na mwisho wake ilisema duka lifungwe. Tuliiweka pembeni tukaanza upya.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na wauza kuku. Ukitoka zamu saa 7 usiku na tumbo linanguruma, duka hilo ndilo linalokuokoa. Ila kaunsili (halmashauri ya eneo lenu), ambayo ndiyo inayotoa leseni, haikuulizi kama unalipenda duka au hulipendi. Inakuuliza litakuletea kero gani, saa ngapi, na sharti gani lingeizuia. Aliyejibu maswali hayo anasikilizwa. Aliyelalamika tu anaandikiwa barua ya asante.

Hatua ya 1: Jua leseni inayoombwa

Chini ya Sheria ya Leseni ya 2003, anayeuzia watu chakula au kinywaji cha moto kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri anahitaji leseni, hata kama hauzi pombe. Kabla ya saa 5 haihitaji. Soda baridi na aiskrimu havihusiki hata kidogo, kwa hiyo usipoteze wino kulalamikia friji ya vinywaji. Kaunsili inaweza pia kuondoa sharti hilo la leseni kwa baadhi ya maeneo au saa, basi angalia kwanza tovuti ya kwenu.

Kibali cha mipango miji ni kitu kingine kabisa, na kina saa zake. Ingia kwenye rejesta ya mipango ya kaunsili, andika anwani ya duka, usome masharti ya kibali chao. Kama kibali kinasema mwisho saa 5 usiku na leseni ikaja kusema saa 9, duka linapaswa kufuata saa ya mapema. Watu wengi hawaendi kuangalia huko. Nenda.

Hatua ya 2: Tafuta karatasi ya bluu

Mwombaji lazima abandike tangazo la rangi ya bluu iliyofifia, ukubwa wa A4, mahali linaposomeka kutoka nje. Likae siku 28 mfululizo kuanzia siku inayofuata ile aliyopeleka maombi. Tarehe ya mwisho ya kupokea maoni imeandikwa humo humo. Piga picha tangazo lote, halafu piga nyingine kwa mbali inayoonyesha limebandikwa wapi. Kama limefichwa nyuma ya bango la ofa ya mabawa, picha hiyo nayo ina kazi.

Ukiona karatasi nyeupe badala ya bluu, hayo ni mabadiliko madogo ya leseni iliyopo na muda wake ni siku 10 za kazi tu. Kimbia.

Tarehe ikishapita, imepita. Na kama hakuna pingamizi hata moja linalokubalika, kaunsili haina hiari: inatoa leseni kama ilivyoombwa, pamoja na masharti yanayotokana na yale mwombaji aliyoyataja mwenyewe. Leseni ya namna hii kwa kawaida haina tarehe ya kuisha.

Omba pia nakala ya maombi yenyewe. Humo mna sehemu ambayo mwombaji anaeleza atakavyozuia kero. Mara nyingi ni mistari mitatu ya maneno matamu yasiyopimika, na hapo ndipo pa kumshikia.

Hatua ya 3: Weka daftari

Daftari la karatasi. Najua kuna programu za simu za kurekodi kelele, na baadhi ya kaunsili zinazipenda, lakini mtu aliyeshtuka usingizini hataki kutafuta nywila. Kalamu na daftari kando ya kitanda vinatosha.

Kila mstari uwe na tarehe, saa, ulichosikia au kuona, kilitokea wapi hasa, kilidumu muda gani, na kilikufanya nini. "Kelele sana jana" hakusaidii. "Pikipiki mbili za oda zimesimama mbele ya mlango wa duka, injini zinanguruma, dakika kumi na tano, mtoto ameamka" ndiyo lugha inayosomeka.

Sasa sikiliza hili la saa, kwa sababu lilitumalizia jioni nzima. Daftari la mama lilikuwa limeandikwa saa zetu: "8.20 makelele mlangoni", "7.45 wanagombana". Ofisa wa kaunsili akisoma 8.20 anafikiri ni asubuhi watu wanakwenda kazini, au jioni watu wanakula. Kumbe ni saa nane na dakika ishirini usiku wa manane! Na kuna mistari michache aliyoandika kwa kutazama simu, saa za Kizungu, hivyo ilibidi tukae tuulizane mstari kwa mstari: hii ilikuwa kabla hujalala au baada? Tangu siku ya kwanza andika kwa tarakimu za saa 24, yaani 02:20, 01:45. Na usisahau kwamba ikipita saa 6 usiku tarehe ya kwao imeshabadilika. Usiku wa Ijumaa saa 8 kwenye karatasi ni Jumamosi.

Kama duka bado halijafunguliwa, andika hali ya mtaa ilivyo sasa: kimya kinaanza saa ngapi, nani analala wapi, kama kuna duka jingine la usiku na linaleta nini.

Hatua ya 4: Barua ya pingamizi

Hapa ndipo watu wanapoanguka.

Sheria inatambua malengo manne tu: kuzuia uhalifu na vurugu, usalama wa umma, kuzuia kero kwa umma, na kulinda watoto wasidhurike. Ukiandika jambo lisiloingia kwenye mojawapo, linatupwa. Bei ya nyumba kushuka haimo. Kwamba mtaa una maduka ya kuku ya kutosha haimo. Kwamba chakula chao kinanenepesha haimo. Uhaba wa maegesho kwa kawaida ni mambo ya mipango miji. Mama alikuwa na aya nzima kuhusu mafuta mabaya ya kukaangia, tukaifuta yote, na alinuna.

Kwa fleti iliyo juu ya duka, nguvu yako kubwa ni kero kwa umma. Ipange kwa vichwa vidogo: feni ya kutolea moshi, harufu, sauti za watu mlangoni, pikipiki, taka, mapipa. Chini ya kila kichwa weka mistari miwili mitatu ya daftari pamoja na saa zake. Daftari lenyewe liambatishe lote mwishoni.

Tahadhari kubwa: mwongozo wa serikali kwa kaunsili unasema mtu akishaondoka eneo la duka na la karibu yake, tabia yake ni jukumu lake mwenyewe. Kwa hiyo walevi wanaoimba kwenye kona ya mbali, hata wakiwa na boksi la kuku mkononi, hawatamshinda mwombaji. Shikilia kinachotokea mlangoni, kwenye foleni, chini ya dirisha lako, na pale madereva wa oda wanaposubiri. Hapo mwombaji hana pa kujificha.

Tahadhari ya pili: usimwandike mwenye duka kwa kabila, nchi wala dini yake. Ni makosa, na mawakili wake watafurahi kukuona umejichafua mwenyewe.

Tahadhari ya tatu ni ushahidi, na naomba usome hii mara mbili. Picha, video na daftari vitumwe kabla ya kikao, yaani pale kamati ya leseni ya kaunsili inaposikiliza pingamizi. Siku yenyewe ya kikao, karatasi au video mpya inapokelewa ikiwa tu pande zote zimekubali. Mwombaji ana sababu gani ya kukubali? Kwenye kikao kimoja nilichohudhuria, mzee mmoja alisimama na simu yake, video nzuri kabisa ya ugomvi mlangoni, akaulizwa kama aliituma mapema. Hakuituma. Wakili upande wa pili akasema hakubali, basi, video ikabaki kwenye simu. Siku hiyo utaruhusiwa kufafanua uliyoyaandika, si kuleta hoja mpya.

Kisha masharti. Sehemu hii ndiyo inayobadilisha usiku wako, maana kamati ina uwezo wa kukataa, kupunguza saa au kuongeza masharti, na katika hayo kukataa moja kwa moja ndiko kugumu zaidi. Andika: "Kamati ikiona inafaa kutoa leseni, naomba yafuatayo." Sharti liwe la kupimika, ofisa akija saa 7 usiku aweze kuona limevunjwa au la. "Duka liheshimu majirani" si sharti. Haya ndiyo tuliyoyaomba sisi:

- Mwisho saa 6 usiku Jumapili hadi Alhamisi, saa 7 usiku Ijumaa na Jumamosi.
- Baada ya saa 5 usiku, oda zipelekwe kwa baiskeli au pikipiki za umeme tu, na madereva wasubirie ndani.
- Kabla ya kufunga, mfanyakazi aokote taka mbele ya duka na mita 50 kila upande.
- Mapipa yasiburutwe wala chupa zisimwagwe kati ya saa 5 usiku na saa 1 asubuhi.
- Namba ya simu ya msimamizi wa zamu ipewe wakazi wa jengo, na ipokelewe muda wote duka likiwa wazi.

Barua za kunakili siwezi kuzitetea. Barua kumi zenye maneno yale yale zinasomwa kama moja. Orodha ya sahihi ni bora kuliko kunyamaza, lakini barua tatu za majirani watatu, kila mmoja na dirisha lake, zina uzito zaidi. Mpangaji ana haki sawa na mwenye nyumba. Huhitaji kuishi jirani kabisa ili uandike, takwa hilo liliondolewa mwaka 2012, ila aliye karibu ndiye mwenye la kusema.

Hatua ya 5: Tuma

Itume ofisi ya leseni ya kaunsili kwa barua pepe, si kwa fomu ya tovuti. Fomu inaweza kukata maneno, na wewe ukabaki bila nakala. Hulipi chochote. Jina na anwani yako mwombaji ataviona. Kama una hofu ya kweli ya kutishwa, waambie kaunsili kabla ya kutuma. Viza yako haihusiki.

Siku hiyo hiyo waandikie idara ya afya ya mazingira na diwani wa kata yenu. Neno la afya ya mazingira kuhusu feni na kelele lina uzito mkubwa mbele ya kamati, na diwani anaweza kukusemea.

Hatua ya 6: Ukipigiwa simu ya "tuelewane"

Mara nyingi wakili wa duka atakutafuta akitaka ukubali masharti fulani, ili kikao kisiwepo. Si jambo baya, nyie mtaendelea kuishi pamoja. Ila usiondoe pingamizi kwa ahadi ya mdomo. Masharti yaandikwe, yapelekwe kaunsili kama sehemu ya maombi, uyaone kwa macho yako, ndipo uondoe.

Hatua ya 7: Kikao

Kinapaswa kuanza ndani ya siku 20 za kazi baada ya muda wa maoni kuisha. Ukipata taarifa ya kikao, jibu kwamba utahudhuria, na ikiwa utakuja na mtu wa kukusemea mtaje jina. Usipojibu wanaweza kuendelea bila wewe. Kamati ni madiwani watatu, na kila upande una muda sawa. Sema mambo matatu yaliyo kwenye barua, kisha kaa. Mama alisema kwa Kiingereza chake mwenyewe, polepole, na diwani mmoja akamuuliza tu kitanda kiko umbali gani kutoka mlangoni. Alijibu: "Nikiangusha kijiko, wao wanakisikia." Leseni ilitoka, na saa tulizoomba ndizo zilizoandikwa.

Hatua ya 8: Baada ya hapo

Usiporidhika, una siku 21 tangu kupewa taarifa ya uamuzi kukata rufaa katika mahakama ya mahakimu. Kuna ada, na ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili, kwa hiyo pata ushauri kwanza.

Njia ninayoipenda zaidi ni mapitio ya leseni. Mtu yeyote anaweza kuyaomba wakati wowote, bure, kwa misingi ile ile ya malengo manne. Kamati inaweza kubadili masharti, kusimamisha leseni hadi miezi 3, au kuifuta. Lakini anza na malalamiko ya kawaida kwa ofisi ya leseni, kila sharti linapovunjwa, ukitaja namba ya leseni na namba ya sharti. Duka linalouza chakula cha moto nje ya saa zake linatenda kosa la jinai, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miezi 6, faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Daftari liendelee kukaa kando ya kitanda, na saa ziandikwe zile za 24.