Umelipwa kusifia bidhaa? Sema, na useme kwa Kiswahili

Kama uko Marekani unarusha video za Kiswahili, au hata uko Dar ila mafolowa wako wengi wako kule, sheria za FTC zinakuhusu. Hiyo ndo taasisi ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, na miongozo yake ya watu wanaosifia bidhaa ilirekebishwa 2023.

Jiulize kwanza, kuna kitu umepata? Sio hela tu, mafuta ya nywele uliyotumiwa bure, komisheni ya linki, hoteli uliyolipiwa, au duka ni la shemeji yako, vyote hivyo unatakiwa useme. Hata kama hakuna aliyekuomba uposti.

Sasa lugha, hapa ndo watu wengi wanateleza. Video nzima Kiswahili safi, mwishoni inawekwa heshitegi ya Kiingereza, tena imefichwa katikati ya nyingine ishirini. FTC wanataka useme kwa lugha ileile uliyosifia nayo, kwa hiyo andika "Tangazo" au "Nimelipwa na kampuni fulani" ili mama anayekuangalia kutoka Minneapolis aelewe bila kumuuliza mjukuu. "Asante kampuni fulani" haitoshi, na "balozi" peke yake inachanganya watu (kusema kweli siku hizi nani sio balozi).

Kwenye video sema ndani ya video yenyewe, kwa mdomo na kwa maandishi ndo bora zaidi, usiache kwenye maelezo ya chini ambayo hakuna anayefungua. Stori, andika juu ya picha na mtu apate muda wa kusoma. Laivu rudia mara kwa mara maana kuna wanaoingia katikati. Kile kitufe cha mtandao cha kuonyesha umelipwa kitumie, ila usikitegemee peke yake.

Na usiseme umetumia kitu ambacho hujagusa, wala kwamba chai fulani inaponya kisukari kama hakuna ushahidi, hapo hata ukikiri umelipwa haikuokoi.

Kripto (sarafu za kidijitali) ndo kali zaidi, zile zinazohesabiwa kama hisa au dhamana zinasimamiwa na SEC, taasisi ya Marekani ya masoko ya hisa na dhamana. Kim Kardashian, yule staa wa Marekani, aliposifia kripto aliandika kabisa kuwa ni tangazo lakini hakusema amelipwa dola 250,000, Oktoba 2022 akakubali kulipa SEC dola milioni 1.26. Huko unataja aliyekulipa na kiasi chenyewe.