Kusikia Takriri katika Ushairi wa Uingereza ya Zama za Kati: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kuanzia karne ya 7 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, walikuwepo Uingereza washairi ambao hawakufunga mishororo yao kwa vina bali kwa takriri ya konsonanti: sauti ileile ilirudiwa mwanzoni mwa silabi zenye mkazo, na kurudiwa huko ndiko kulikoshikanisha ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mshororo. Nimefundisha mashairi haya kwa wanafunzi wanaozungumza Kiswahili, nami nimeshawishika kwamba historia yake hujifunzwa vizuri zaidi kwa kuusikiliza mshororo wenyewe kuliko kwa kukariri miaka na majina. Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Utahitaji penseli, karatasi, na utayari wa kusoma kwa sauti, kwa sababu anayesoma mashairi haya kimyakimya hupitwa na karibu kila kitu.

Hatua ya 1: Hamisha sikio lako kutoka mwisho wa neno hadi mwanzo wa mzizi

Sisi tuliolelewa na tenzi na mashairi ya tarbia tumezoea kusubiri mwisho. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na macho yetu hutangulia kwenye kina cha kati na kina cha mwisho kabla hatujauelewa mshororo. Kiingereza cha Kale, yaani Kiingereza cha kabla ya mwaka 1100 hivi, kilikuwa na tabia tofauti: mkazo uliangukia silabi ya kwanza ya mzizi, na viambishi vingi vilivyotangulia kitenzi havikuhesabiwa. Lugha inayotia nguvu zake mwanzoni mwa neno humpa mshairi mwanzo huo kuwa mahali pa kufungia fundo.

Kuna mtego mmoja unaotunasa sisi hasa. Katika Kiswahili, sauti za mwanzo hurudiwa kila siku kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi, kama katika “kitabu kikubwa kimoja kilianguka”, na hakuna anayeuita msemo huo ushairi. Kwa hiyo sikio letu limejifunza kuzipuuza sauti za mwanzo, kwa kuwa ni kazi ya ngeli. Hapa inakubidi ulifundishe upya.

Hatua ya 2: Jifunze herufi nne, kisha usome kwa sauti

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Herufi þ na ð zilitumika kwa kubadilishana, na kutegemea mahali zilipo katika neno zilitamkwa kama “th” ya thelathini au “dh” ya dhahabu, sauti ambazo tayari tunazo. Herufi æ iko kati ya a na e. Herufi ȝ, utakayokutana nayo katika Kiingereza cha Kati (kilichofuata hicho cha Kale hadi karne ya 15 hivi), mara husomeka kama y na mara hukaribia “gh” ya ghali au “kh” ya Kiarabu. Zaidi ya hizo, ukikuta sc katika Kiingereza cha Kale isome kama “sh”.

Hatua ya 3: Tafuta mikazo minne, kisha anza na wa tatu

Hapa ndipo kiini cha kazi kilipo, na ninakuomba usiharakishe.

Kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande kina mikazo miwili mikuu. Idadi ya mizani haikuwekwa kama ilivyo katika shairi letu la mizani 16. Silabi zisizo na mkazo zinaweza kuongezeka au kupungua ndani ya mipaka iliyopangwa, na mipaka hiyo ndiyo ambayo Eduard Sievers, mtaalamu wa Kijerumani wa karne ya 19, aliigawa katika aina tano. Mkazo wa tatu, yaani wa kwanza katika utao, ndio nguzo. Sauti yake lazima ilingane na mkazo mmoja au yote miwili ya ukwapi. Mkazo wa nne kwa kawaida huachwa huru. Anza na nguzo, kisha rudi nyuma ukatafute waliofungwa nayo.

Chukua mshororo wa pili na wa tatu wa Beowulf, utungo mrefu wa kishujaa wa Kiingereza cha Kale:

þeodcyninga, þrym gefrunon,
hu ða æþelingas ellen fremedon.

Maana yake ni kwamba tumesikia utukufu wa wafalme wa mataifa, na jinsi wale wana wa ukoo bora walivyotenda mambo ya ushujaa. Katika mshororo wa juu, nguzo ni þrym, nayo inafungamana na þeod. Neno la mwisho, gefrunon, lina mkazo kwenye “frun”, na kiambishi ge- hakina uzito wowote. Nilipoanza kujifunza nilipiga mstari chini ya kila g niliyoiona katika ukurasa, zikiwemo zote za ge-, na kwa wiki kadhaa nikaamini kwamba mshairi wa Beowulf aliipenda sana sauti hiyo. Kumbe nilikuwa nikihesabu herufi, ilhali kinachohesabiwa ni mkazo.

Katika mshororo wa chini, nguzo ni ellen, nayo inafungamana na æþelingas ingawa irabu zao si moja. Hiyo ni kanuni: irabu yoyote hufungamana na irabu nyingine yoyote. Kinyume chake, sp, st na sc hazifungamani na s ya kawaida wala zenyewe kwa zenyewe; st inataka st, na sc inataka sc.

Ukiona mshororo umekataa kanuni hizi, usikimbilie kumlaumu mshairi kwa kutunga guni. Mara nyingi ni wewe uliyeweka mkazo mahali pasipofaa.

Hatua ya 4: Usitegemee ukurasa ukuonyeshe mshororo

Waandishi wa wakati huo waliyanakili mashairi ya Kiingereza cha Kale mfululizo kama nathari, kutoka ukingo hadi ukingo wa ngozi, bila kukata mishororo. Mgawanyo unaouona katika matoleo ya leo ni kazi ya wahariri, na mwongozo wao mkubwa ulikuwa takriri yenyewe. Fanya zoezi hili: nakili mishororo kumi ya Beowulf kama aya moja, ifiche asili, kisha ujaribu kuikata mwenyewe kwa sikio.

Fanya hivyo ukikumbuka jinsi ushairi huu ulivyotufikia kwa tundu la sindano. Mishororo takriban 30,000 ndiyo iliyosalia, mingi yake katika hati kubwa nne. Beowulf, yenye mishororo 3,182, imo katika nakala moja tu ya mkono iliyoandikwa karibu na mwaka 1000, na nakala hiyo iliungua kingo katika moto wa Ashburnham House, London, mwaka 1731.

Hatua ya 5: Weka alama ya mwanzo na ya ukomavu

Kwa mwanzo, tumia utenzi mfupi wa Cædmon. Mtawa Bede, katika historia ya kanisa la Uingereza aliyoikamilisha mwaka 731, anasimulia kwamba Cædmon alikuwa mtumishi katika monasteri iliyoongozwa na Hild huko Whitby, na kwamba kila kinubi kilipomkaribia katika karamu aliinuka na kuondoka kwa kuwa hakujua kuimba. Usiku mmoja, akiwa amelala karibu na mifugo, aliamriwa katika ndoto aimbe juu ya uumbaji. Mshororo wa kwanza ni “Nu sculon herigean heofonrices weard”, yaani, sasa yatupasa kumsifu mlinzi wa ufalme wa mbinguni. Nguzo ni “heof”, nayo imeshikana na “her”. Kinachonigusa ni kwamba msamiati na mbinu za malenga wa kumbi za wapiganaji, waliowaita wafalme walinzi wa watu wao, vimegeuzwa papo hapo kumsifu Mungu.

Kwa ukomavu, nenda kwenye utungo kuhusu vita vya Maldon, Essex, vya mwaka 991. Jemadari Byrhtnoth ameshauawa na Waviking, na mzee Byrhtwold anawaambia waliobaki:

Hige sceal þe heardra, heorte þe cenre,
mod sceal þe mare, þe ure mægen lytlað.

Yaani: nia na izidi kuwa ngumu, moyo uzidi kuwa jasiri, ari izidi kuwa kubwa, kadiri nguvu zetu zinavyopungua. Hesabu: h, h, h, kisha huru, m, m, m, kisha huru. Mkazo wa mwisho kabisa, ulioachwa nje ya mafundo yote, ndio unaobeba neno la kupungua. Sijui mfano mwingine ambapo kanuni ya mkazo wa nne inafanya kazi nzuri kuliko hapa.

Linganisha pia jambo dogo la matamshi. Mshororo wa kwanza wa Beowulf unafunganisha g ya Gardena na g ya geardagum, ingawa hiyo ya pili ilikuja kutamkwa kama y yetu. Katika utungo wa Maldon, g hizo mbili hazifungamani tena. Sauti zilikuwa zimeachana, na sikio la mshairi lilikwisha kukiri hivyo.

Hatua ya 6: Vuka karne za kimya kwa uangalifu

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa na Kilatini vilishika nafasi ya juu katika maandishi, na mashairi ya takriri yaliyosalia ni machache. Kubwa kuliko yote ni Brut ya Laȝamon, kasisi wa Areley Kings huko Worcestershire, aliyeandika karibu na mwaka 1200 mishororo mirefu takriban 16,000 kuhusu wafalme wa Uingereza. Soma unavyoanza:

An preost wes on leoden. Laȝamon wes ihoten.

Palikuwa na kasisi miongoni mwa watu, akiitwa Laȝamon. Fundo la l lipo, ila ni moja tu kila upande, na vipande vyote viwili vinaishia kwa -en. Kwingineko katika kazi hiyo vina vinashika hatamu waziwazi. Wengine wanaona hapa ufundi unaooza. Mimi naona mtu anayejaribu kufunga kwa kamba mbili, ya zamani na ya kigeni, kwa kuwa wasikilizaji wake walizijua zote.

Hatua ya 7: Pima neno “uamsho” kabla ya kulitumia

Kuanzia miaka ya 1350 hivi, mashairi ya takriri yanajitokeza kwa wingi, hasa magharibi na kaskazini: William of Palerne, Wynnere and Wastoure, kisha Piers Plowman ya William Langland, iliyonakiliwa kiasi kwamba zaidi ya hati 50 zimesalia, na Sir Gawain and the Green Knight, iliyosalia katika moja tu. Wanahistoria walikiita kipindi hiki uamsho, kana kwamba ufundi ulikufa kisha ukafufuliwa. Weka alama kwenye mshororo wa kwanza wa Gawain:

Siþen þe sege and þe assaut watz sesed at Troye.

Tangu mzingiro na mashambulizi yalipokoma huko Troya. Fundo ni s, na ukwapi umejaa: Siþen, sege, na “saut” ndani ya assaut. Sasa angalia asili ya maneno. Sege, assaut na sesed, hili la mwisho likiwa ndilo nguzo yenyewe, yametoka katika Kifaransa. Lugha ya watekaji imefungwa kwa fundo la waliotekwa, na mkazo wa nne, Troye, umeachwa huru kama desturi ilivyotaka miaka 400 kabla.

Kisha usikilize utao peke yake. Katika miaka ya 1980, Hoyt Duggan na Thomas Cable walionyesha kwamba utao wa wakati huu una sharti lililojificha: lazima uwe na mfululizo mmoja tu wa silabi mbili au zaidi zisizo na mkazo, ama kabla ya nguzo ama kati ya mikazo miwili, lakini si kote kuwili. “Watz sesed at Troye” ina silabi moja nyepesi kabla ya nguzo, na mbili kati ya mikazo. Sharti nyeti namna hiyo halichimbuliwi katika vitabu vya zamani, na hata katika karne ya 13 msomaji mmoja wa Worcester, anayetambulika kwa mwandiko wake wa kutetemeka, alilazimika kuandika tafsiri juu ya maneno ya Kiingereza cha Kale ili yaeleweke. Ndiyo maana naegemea upande wa wanaosema ufundi ulirithiwa kwa midomo na kwa hati zilizopotea. Mshairi wa Gawain mwenyewe anasema hadithi yake imefungwa kwa herufi aminifu, “with lel letteres loken”, kama ilivyokuwa desturi nchini kwa muda mrefu. Anayasema hayo ndani ya mishororo mifupi yenye vina inayofunga ubeti wake.

Hatua ya 8: Sikiliza waliokuwa nje

Chaucer, mtu wa London, alimfanya kasisi wake katika The Canterbury Tales aseme kwamba yeye ni mtu wa kusini, hawezi kusimulia “rum, ram, ruf” kwa herufi. Hapo takriri imekwisha kuwa lafudhi ya watu wa mbali. Iliishi zaidi kaskazini na Uskoti, ambako William Dunbar aliitumia kwa ustadi mkubwa, na mojawapo ya tungo za mwisho za Kiingereza, Scotish Feilde, inahusu vita vya Flodden vya mwaka 1513.

Malizia na Robert Crowley, aliyechapisha Piers Plowman mwaka 1550 na kulazimika kuwaeleza wasomaji wake jinsi mishororo ile ilivyofungwa. Aliwaambia kwamba kila mshororo una angalau maneno matatu yanayoanza kwa herufi moja. Hakutaja mkazo wala nguzo. Mifano aliyoitoa ni mishororo mitatu ya kwanza ya kitabu. Ile miwili ya mwanzo alisema inakwenda kwa S, ingawa wa kwanza una sauti ya s (somer, seson) na wa pili una “sh” (shoop, sheep), sauti ambazo malenga wa Beowulf asingezichanganya kamwe. Wa tatu alisema unakwenda kwa H: “In habite as an heremite unholy of werkes.” Weka penseli yako juu ya unholy. Neno hilo linaanza kwa u, lakini Crowley alilihesabu kwa h iliyomo ndani yake, mahali pale pale mkazo unapoangukia.