Jinsi ya kuendesha ligi ya fantasi besiboli bila watu kuuziana mechi

Wadau, mnaoishi huku Marekani mnajua, mwaka wako wa kwanza kazini lazima kuna mtu atakuvuta kwenye ligi ya fantasi besiboli (unaunda timu ya wachezaji halisi, wakifanya vizuri uwanjani we unapata pointi), na we kwa sababu umecheza FPL, fantasi ya Ligi Kuu ya England, miaka kibao unajiona mtaalamu, unaingia. Mi niliingia hivohivo. Msimu wa pili wakanipa ukamishna, yaani usimamizi wa ligi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka, na mwezi wa nane ligi ikataka kuvunjika: jamaa wa mkiani alimpa shemeji yake mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) bora kabisa aliyekuwa naye, akachukua mpigaji ambaye hata timu yake halisi inamuweka benchi. Nilivouliza nikajibiwa "si tumekubaliana wenyewe?" Na kweli walikubaliana, hapo ndo shida ilipo.

Kwa aliyetoka FPL nieleze kidogo. Kule Haaland anakaa kwenye timu yako, yangu na ya watu mamilioni, hamna cha kuuziana. Huku mnakaa watu 10 au 12, mnafanya drafti, yaani mnachagua wachezaji kwa zamu, na staa kama Aaron Judge akishachukuliwa kachukuliwa, we utamuona kwenye TV tu. Ukimtaka unaenda kuongea na mwenye naye, mnabadilishana, hiyo ndo tredi. Sasa uhuni wa FPL mara nyingi ni wa mtu mmoja, kafungua akaunti mbili au mshika hela kazima simu. Uhuni wa huku unataka watu wawili, na wawili wakikubaliana kukaa kimya hakuna programu itakayowashika. Kwahiyo kazi yote ya kamishna inafanyika mwezi wa tatu kabla ya drafti, ukisubiri kesi itokee ushachelewa, maana kila utakachoamua kuna mtu atasema umepindisha.

Alafu ugomvi mwingi hata sio wizi, ni kanuni ambayo hakuna aliyeiandika. Mnakumbuka lile kofi la Mei 2022? Pale Cincinnati, kabla ya mechi ya Reds na Giants, Tommy Pham wa Reds alimfata Joc Pederson wa Giants kwenye mazoezi uwanjani akamzaba kibao mbele za watu, chanzo ligi ya fantasi (yao ilikuwa ya NFL, futiboli ya Kimarekani, hawa wacheza besiboli nao wana vijiwe vyao). Pham anadai Pederson alimpaki mchezaji kwenye nafasi ya majeruhi ili apate nafasi ya kusajili mwingine, Pederson anasema huyo mchezaji alishatangazwa hachezi wiki hiyo na kanuni inaruhusu. Pham akafungiwa mechi 3. Na kamishna wa ligi hiyo unajua ni nani? Mike Trout, ndo yuleyule staa mkubwa wa besiboli. Kama Trout kashindwa kuzuia kofi, sisi wa zamu ya usiku stoo tutaweza?

Basi kanuni yenu ya kwanza iwe ya majeruhi. Andikeni nani anaruhusiwa kukaa kwenye nafasi ya IL (ya majeruhi), je ni yule tu aliyewekwa rasmi kwenye orodha ya majeruhi ya MLB, ligi kuu ya besiboli (mpigaji angalau siku 10, mrushaji 15) au hata yule anayesemekana anaumwa mgongo. Akipona, mwenye timu ana siku ngapi za kumrudisha? Mi naweka siku mbili. Na msimsahau Ohtani anayepiga na kurusha pia, jamani, Yahoo wanamhesabu kama watu wawili, Ohtani mpigaji na Ohtani mrushaji, kwingine ni mtu mmoja. Ligi ambayo haijasema mapema ni yupi itapigana siku ya drafti yenyewe, tena ikiwa imebaki dakika moja kwenye saa. Mkishakubaliana, pineni kwenye grupu la WhatsApp na kila mtu ajibu "nimesoma". Asiyejibu hachezi.

Tuje kwenye tredi, hapa kaa vizuri. Ligi nyingi zinaachia wanachama wapige kura ya kuzuia, na mi naona huo ni mtego, kwa sababu mtu wa nafasi ya pili atazuia kila tredi ya mtu wa nafasi ya kwanza, haangalii haki anaangalia msimamo. Mwenyewe nilizuiliwa tredi safi kabisa kwa staili hiyo. Bora mchague watu watatu, kamishna na wengine wawili, na kama mmoja wao yumo kwenye tredi anakaa pembeni anaingia wa akiba. Hao watatu wana swali moja tu: je kila upande ulikuwa unajaribu kuboresha timu yake? Basi. Sio kazi yao kusema nani kapigwa. Mtu akitoa mrushaji kama Tarik Skubal kwa sababu ana hamu ya homurani (mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja), akapewa mpigaji ambaye mwezi mmoja tu umemuendea vizuri, kauziwa mbuzi kwenye gunia, na kuuziwa mbuzi kwenye gunia sio kosa. Ukianza kufuta tredi za kijinga utafuta nusu ya ligi.

Ila kuna vitu ukiviona viwili au vitatu pamoja, shtuka. Anayetoa yuko mkiani na hana tena cha kugombania. Anayepokea ni ndugu, rafiki wa chumba kimoja, au bosi wake. Mchezaji mkubwa vile hakutangazwa kwa mtu mwingine yeyote, tredi imetokea saa nane za usiku ghafla. Hapo waite mmoja mmoja, sio kwenye grupu, waulize "we umepata nini hapa?" na usikilize. Mwenye nia njema atakupa maelezo hata kama ni ya ovyo, atakuambia habari za ERA (wastani wa alama anazofungwa mrushaji, ikiwa ndogo ndo safi) na bahati mbaya na ratiba mpaka uchoke mwenyewe. Mwenye njama atakuambia haikuhusu.

Pigeni marufuku pia malipo ya nje ya ligi. Kwetu kuna mtu alimpa mwenzake mrushaji kwa makubaliano ya kufanyiwa zamu ya Jumapili, mwingine kwa deni la mafuta ya gari, na wote waliona ni biashara ya kawaida tu. Kuazimana nako hapana: nikupe mrushaji wangu wiki hii una mechi ngumu, wiki ijayo unirudishie, hiyo ni timu mbili zinacheza kama moja. Andika kwamba mchezaji mliyebadilishana hawezi kurudi alikotoka kabla ya wiki nne kupita. Na mlango wa tredi ufungwe mapema, MLB wenyewe wanafunga mwisho wa mwezi wa saba au hapo jirani, nyie mkifunga katikati ya mwezi wa nane inatosha, maana ile ya shemeji ilipita kwa sababu tulikuwa hatuna tarehe kabisa.

Kama ligi yenu ni ile ya kubaki na wachezaji mwaka hadi mwaka basi mambo yanabadilika kidogo, mtu wa mkiani ana haki ya kuuza staa mwenye miaka 34 achukue vijana wa kesho, hilo sio kuuza mechi. Semeni tu mapema lazima apokee angalau kijana mmoja wa maana au nafasi ya drafti, asije akasema "najenga" kila akitoa mtu.

Shida nyingine ni wanaotelekeza timu. Mechi 162, kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa tisa, ni ndefu mno, ikifika Julai nusu ya watu hata hawajui mrushaji wao kafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Na ukimpa wa mwisho zawadi ya kuchagua wa kwanza mwakani ndo umemwambia afungwe makusudi. Sisi chaguo la kwanza tunampa aliyefanya vizuri kuliko wote waliokosa mtoano, na wa mwisho ananunua nyama ya kuchoma ya ligi nzima, na nawaambieni hakuna kitu kinachomfanya mtu afungue programu asubuhi kama bei ya nyama ya Texas. Kwa wale wenye hasira za kumwaga wachezaji wote wakikasirika, washeni ile orodha ya wachezaji wasioruhusiwa kuachwa, ipo kwenye mipangilio.

Vitu ambavyo sio wizi japo watu watalia: kusajili mrushaji mpya kila siku ili uvune takwimu, na kumuweka benchi mrushaji wako Jumapili ili ERA isiharibike. Ni ujanja. Ukiuchukia weka kikomo cha usajili, sisi ni watano kwa wiki, na kiwango cha chini cha inningi (vipindi vya mchezo) ambazo warushaji wako lazima warushe, 20 kwa wiki. Ligi za roto (zile zinazojumlisha takwimu za msimu mzima badala ya mechi za kila wiki) nyingi huweka kikomo cha inningi 1,400 kwa msimu mzima. Zaidi ya hapo mwacheni mtu acheze, huu mchezo wenyewe unahesabu kuiba besi kama sifa.

Kamishna naye achungwe. Kina Daniel Okrent walivoanzisha huu mchezo New York 1980, ule ulioitwa roto kwa jina la mgahawa wa La Rotisserie Française, hesabu zilipigwa kwa mkono kutoka magazetini. Leo programu inahesabu, ila kamishna bado anaweza kuingiza mkono, kubadili kikosi cha mtu, kurudisha tredi, hata kurekebisha matokeo. Kwahiyo kila akigusa kitu apige picha ya skrini atume kwenye grupu kabla hajaulizwa. Na hela asishike yeye. Mshika hela awe kama kijumbe wa upatu, mtu ambaye mnajua anapoishi na mama yake mnamjua, na alipe usiku uleule msimu unapoisha.

Mkimkamata mtu kweli, rudisheni tredi ndani ya siku mbili kabla mechi hazijaingia hesabu, akirudia anamaliza msimu bila kuruhusiwa tredi, mara ya tatu ada yake inabaki na ligi anaondoka.

Ile ya shemeji niliiacha ipite, maana hakukuwa na mstari hata mmoja wa kuizuia, na huyo shemeji akabeba ubingwa na hela zetu. Mwezi wa tatu uliofuata nikaja na kurasa mbili. Wa kwanza kusaini ni yeye, akasoma kifungu cha ndugu taratiibu, akainua kichwa akauliza kama kinahusu na shemeji wa upande wa mke.