Namna ya kutambua chakula cha GMO unaponunua sokoni Dodoma

Anayetaka kujua kama chakula anachonunua kimetokana na zao lililobadilishwa vinasaba (vibeba sifa za urithi), yaani GMO, asitegemee ukubwa, rangi wala ladha yake, kwa sababu badiliko hilo limo ndani ya chembe za mmea na jicho haliwezi kuliona. Aulize mambo mawili: ni zao gani, na limelimwa nchi gani.

Mazao ya GMO yanayolimwa kwa wingi duniani ni manne tu, nayo ni soya, mahindi, pamba na kanola, mmea wa mbegu za mafuta. Baada yake, kwa kiasi kidogo sana, huja mengine kama viazi vya kutengenezea sukari vya Marekani (si viazi vitamu) na papai la Hawaii, ambalo tangu mwaka 1998 hulimwa kwa mbegu inayostahimili ugonjwa wa virusi. Mtama, uwele, karanga na alizeti, mazao yanayotegemewa na kaya nyingi za Dodoma na Singida, hayamo katika orodha hiyo.

Kuhusu nchi, wakulima wa Tanzania hawalimi mazao ya GMO kibiashara. Majaribio ya mahindi yanayostahimili ukame yaliyoanza Makutupora mwaka 2016 yalisimamishwa na Serikali mwaka 2018 kabla mbegu hiyo haijamfikia mkulima. Kwa hiyo, gunia la mahindi yaliyolimwa Kongwa na kuuzwa Kibaigwa halipaswi kukutia shaka. Uliza zaidi pale nafaka inapotoka nje, kwa mfano Afrika Kusini, ambako hata mahindi meupe ya GMO hulimwa kwa wingi.

Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, maana kosa la kudhani kuwa mbegu chotara ni GMO linawagharimu wakulima: mbegu chotara si GMO. Chotara hupatikana kwa kuchavusha mmea wa ukoo mmoja kwa chavua ya ukoo mwingine, na mavuno hushuka ukirudia kupanda punje zake kwa sababu sifa za wazazi hutawanyika katika kizazi kinachofuata. Tikiti lisilo na mbegu na kuku wa kisasa nao si GMO. Inaniuma kumwona mkulima wa eneo lenye mvua haba kama letu akikataa mbegu chotara inayokomaa mapema kwa hofu isiyoihusu.

Kwa vyakula vya pakiti, soma viambato na nchi vilikotengenezwa. Tafuta mafuta ya soya, ya kanola au ya pamba, lesithini ya soya (kiambato kinachosaidia mafuta na maji kuchanganyika) na wanga wa mahindi, hasa bidhaa ikitoka Marekani, Brazili au Ajentina. Ukikuta lebo haisemi lolote, usikate shauri haraka: mafuta yaliyosafishwa sana kiwandani karibu hayabaki na vinasaba, hivyo hata maabara inaweza kushindwa kutambua asili yake, na sheria ya Marekani ilipoanza kutumika kikamilifu mwaka 2022 haikulazimisha kuyatangaza iwapo kipimo hakioni vinasaba hivyo. Umoja wa Ulaya hulazimisha, kwa kufuata asili ya zao lenyewe.

Wapo wanaosema kuwa stika ya tunda yenye namba inayoanza na 8 ni alama ya GMO; usiitegemee. Wauzaji wa matunda hawaitumii kutambulisha GMO.