Sikilidi wengi tangini? Usiiamini namba ya kwenye boksi la chujio

Wafugaji wa mbuna (samaki wa jamii ya sikilidi wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa) huwajaza tangini makusudi, ili ugomvi usimwangukie samaki mmoja. Sawa, ila uchafu nao huongezeka. Tangi la lita 300 lenye msongamano huo linataka maji yazunguke kama mara 8 hadi 10 kwa saa, yaani lita 2,400 hadi 3,000. Tatizo ni kwamba namba ya kwenye boksi (lita kwa saa) kwa kawaida hupimwa chujio likiwa tupu. Ukishatia sponji na vijiwe vya kuchujia, na maji yakapanda bomba, kasi hushuka sana. Nunua lenye namba ya juu zaidi, au (mimi hupenda hivi) weka machujio mawili: moja likizima, jingine linaendelea.

Kasi peke yake haitoshi. Wanaogeuza amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kuwa nitraiti, kisha nitreti, ni bakteria wanaoishi kwenye sponji na vijiwe, kwa hiyo tazama pia ukubwa wa tumbo la chujio, yaani nafasi ya kuwekea vitu hivyo. Sponji ioshe kwa maji ya tangini; klorini ya bombani huwaua. Nitreti hupungua ukibadilisha maji, na hapo chujio kubwa halikusaidii.